Chupa ya Chai Iliyogonga Dari

Saa nane za usiku mke wangu aliniamsha akidhani tumevamiwa. Mlio ulitokea jikoni, mmoja tu, mzito, kisha kimya, kisha mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Nilikwenda na panga mkononi. Nilikuta chupa ya chai ya mama mkwe, ile yenye maua ya bluu aliyotuletea tulipohamia Goba, imepasuka ubavuni. Kioo chake cha ndani kilikuwa kimetapakaa hadi kwenye sinki, na kizibo kimeitoboa dari. Ukungu mweupe ulikuwa unatambaa sakafuni polepole, ukija miguuni kwangu.

Mke wangu alisimama mlangoni. Akaitazama dari, akanitazama mimi. "Baba Neema, umeweka nini kwenye chupa ya mama?"

Nilikuwa nimeweka barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa. Ilibaki kama robo kilo baada ya sherehe, nikaona uchungu kuiacha ipotee hivi hivi, nikasema kama chupa hii inatunza moto basi itatunza na baridi. Nikakaza kizibo vizuri, tena kwa nguvu. Kama ningekuwa nimesimama pale jikoni nakunywa maji saa hiyo, nisingekuwa naandika haya na macho mawili.

Mambo yalianza wiki tatu kabla. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anatimiza miaka 40 na sherehe ilipangwa kwetu kwa sababu sisi ndio wenye uwanja. Shemeji ni mtu wa wiski. Alikuwa amerudi kutoka safari ya kikazi Johannesburg na hadithi moja aliyoirudia kila tulipokaa: kwamba kwenye baa fulani waliletewa glasi zimefunikwa kwa kuba la kioo, kuba likifunuliwa moshi unamwagika mezani, na wiski yenyewe inanukia kama kuni za kijijini. Aliposimulia kwa mara ya nne nikasema moyoni, moshi tu? Huu nitamfukizia hapa hapa Goba.

Sikujua kwamba ninatafuta vitu viwili. Kuna moshi na kuna ukungu. Moshi ni kuni inayoungua: una harufu, una ladha, unaganda kwenye ukuta wa glasi na unabadilisha kinywaji. Ukungu ni matone madogo ya maji hewani. Unamwagika vizuri, unapendeza kwenye picha, lakini ulimini hauna lolote. Cha kwanza ni cha pua, cha pili ni cha macho. Karibu kila kosa nililofanya lilitokana na kuvichanganya hivi viwili, hasa kutaka cha macho kiingie mdomoni.

Nilianza kwa kumpigia jamaa anayepamba kumbi za harusi. Nilitaka kuazima mashine yake ya moshi, ile inayopuliza wakati maharusi wanaingia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, unataka kuwanywesha watu dawa ya mashine?" Ule moshi wa ukumbini ni maji yaliyochanganywa na glikoli yakachemshwa, na si kitu cha kupuliza kwenye glasi ya mtu. Akaniambia kwamba lile wingu la chini, ambalo bwana na bibi harusi hucheza juu yake kana kwamba wako angani, huwa ni barafu kavu kwenye maji ya moto. Akaniahidi kuniunganisha na anakonunua. Nikakata simu nimefurahi, nikaendelea na upande wa moshi kwanza.

Mtandaoni niliagiza kifaa cha kufukizia: kina kikombe kidogo cha kuwekea vipande vya kuni juu, feni ya betri tumboni, na mrija wa kupeleka moshi kwenye glasi. Shilingi 165,000. Kilifika bila kuni. Maelezo yalisema nitumie mwaloni, mtofaa au mcheri, na mimi niko Goba. Nikaona isiwe tabu, kuna fundi seremala pale barabarani ana maranda gunia zima. Nikachota mfuko mmoja, bure.

Niliijaribu jioni ile kwenye wiski ya bei ya kawaida, kwa bahati. Moshi ulitoka mwingi, mweupe, mzito, watoto wakapiga makofi. Nikaunywa ule ufundi wangu. Ulikuwa kama kulamba kiti kipya. Maranda ya fundi ni mchanganyiko wa mninga, mkangazi, MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) yenye gundi, mbao zenye dawa ya mchwa na mabaki ya vanishi. Nilikuwa nimeichoma gundi na kuinywa. Nilisukutua mdomo, nikameza mate kwa wasiwasi hadi asubuhi. Kwa hiyo, tafadhali: usichome kuni usiyoijua imetoka wapi. Iwe mti mgumu, mkavu, haujapakwa kitu. Misonobari na jamii yake ina utomvu, inatoa masizi na uchungu. Mwarobaini achana nao. Kilichonisaidia wiki ile kilikuwa matawi makavu ya mpera uliokatwa nyuma ya nyumba mwaka uliopita. Nilichonga vipande vidogo kama punje za mahindi, nikavianika juani siku tatu. Moshi wake ni mtamu kiasi, mwepesi.

Hata nilipopata kuni nzuri bado nilikosea kipimo. Nilidhani moshi ukikaa zaidi ladha inakuwa nzuri zaidi, nikaiacha glasi imefunikwa dakika mbili. Matokeo yake ni kisahani cha majivu ya sigara. Kadiri nilivyojaribu, sekunde 15 hadi 20 zinatosha, na moshi mwembamba wenye rangi ya kibluu ni bora kuliko ule mweupe mzito unaopendeza machoni. Mweupe mzito ni kuni isiyoungua vizuri, na uchungu wote uko humo. Halafu nikagundua jambo ambalo lingeniokolea chupa nusu: fukiza glasi, si wiski. Lowesha glasi ndani kwa maji kidogo, mwaga yaliyobaki, ijaze moshi, funika kwa kisahani, halafu ndipo umimine kinywaji. Moshi hushika kwenye ukuta wenye unyevu. Na moto unakuwa umeshazimwa kabla pombe haijafunguliwa, jambo ambalo si dogo, maana wiski ina asilimia 40 ya kileo au zaidi na mvuke wake unashika moto.

Kinywaji chenyewe ni Old Fashioned, kokteli ya zamani ya wiski, na hakina mambo mengi. Kijiko kidogo cha sukari, matone mawili matatu ya Angostura (kile kileo kichungu cha viungo), maji kidogo kuyeyushia, mililita 60 za bourbon, kipande kimoja kikubwa cha barafu, na ganda la chungwa linalokamuliwa juu yake ili mafuta yaruke. Machungwa yetu ya Muheza, yale ya kijani, yanafaa sana. Chuna ganda jembamba bila ile nyama nyeupe. Bourbon ni wiski ya Kimarekani ambayo zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, na hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyobabuliwa kwa moto ndani. Ndiyo maana inapatana na moshi, walishakutana kwenye pipa. Wiski za kisiwa cha Islay kule Scotland, kama Laphroaig au Ardbeg, hazihitaji kufukizwa kabisa: shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa mboji, kwa hiyo moshi umeingia kabla pombe haijazaliwa. Kama una rafiki mwenye chupa ya aina hiyo, mwombe kijiko kimoja cha chai, suuza nacho glasi, mwaga, kisha mimina bourbon yako. Utapata harufu ya moshi bila kuchoma kitu. Jambo hili nililijua nikiwa nimeshatoa 165,000.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, nilikwenda kuchukua barafu kavu. Hawauzi chini ya kilo tano: shilingi 60,000, pamoja na boksi jeupe la kubebea samaki, 15,000. Barafu kavu ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa moja kwa moja. Muuzaji aliniambia nishushe vioo vya gari. Mimi nikaona joto la Dar na vumbi la Ubungo, nikapandisha vioo, nikawasha AC. Gari langu ni IST, na kila mwenye IST anajua buti na viti ni chumba kimoja.

Nilikaa foleni kama dakika 50. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni njaa. Nikawa napumua haraka haraka kama nimepanda ngazi, jasho linatoka na AC inapuliza. Kisha usingizi. Kilichoniokoa ni kijana wa korosho aliyegonga kioo. Niliposhusha nimkatalie, hewa ikaingia, na ndani ya dakika moja nikahisi kama mtu kaniondolea gunia kichwani. Nilinunua korosho zake zote.

Baadaye nilipiga hesabu. Kilo moja ya barafu kavu inatoa zaidi ya lita 500 za hewa ya ukaa. Ndani ya gari dogo kuna nafasi ya mita za ujazo kama tatu, yaani lita 3,000. Zikigeuka gramu 200 tu, unapata lita 100, na hiyo ni asilimia tatu ya hewa unayovuta. Asilimia nne inahesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Nilikuwa nacheza kwenye mstari, tena AC ikizungusha hewa ile ile. Shusha vioo vyote, hata mvua inyeshe. Na ukifika nyumbani usiingize boksi chumbani wala usilikaze kifuniko. Weka barazani mahali watoto hawafiki, kwa sababu hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida na inajikusanya chini, kwenye kimo cha mtoto na paka. Friza ya nyumbani haikusaidii. Ina nyuzi 18 tu chini ya sifuri, ambazo kwa barafu kavu ni kama jua la Februari.

Jioni ile nikafanya jaribio. Nikachukua kipande kwa vidole, kidogo tu, nikasema ni sekunde moja. Ngozi ikashika. Lengelenge lililotoka halikutofautiana na la mafuta ya maandazi. Tumia koleo na glavu nene. Kipande kile nikakitumbukiza kwenye glasi ya wiski yenye barafu, simu ikiwa tayari inarekodi. Nilipata ukungu wa aibu: uzi mmoja, mapovu kidogo, basi. Wiski nayo ikawa na ukakasi wa soda, kwa sababu hewa ya ukaa ikiingia kwenye kimiminika inakitia uchachu.

Hapo ndipo nilipompigia tena yule mpambaji, akanifafanulia kwa sentensi moja: ukungu si hewa ya ukaa, hiyo haionekani, ukungu ni maji yanayopoozwa ghafla, kwa hiyo pasipo maji ya moto hakuna wingu. Nikachukua bakuli kubwa la kioo, ndani yake nikasimamisha bakuli dogo la kinywaji, na katikati yao, kwenye nafasi iliyobaki, nikaweka vipande vya barafu kavu na kuvimwagia maji ya moto. Wingu likapanda, likafunika bakuli dogo, likashuka mezani hadi sakafuni. Wiski haikuguswa. Nikaongeza maganda ya chungwa, karafuu na kijiti cha mdalasini kwenye yale maji ya moto, na ukungu ukaja na harufu. Nyumba nzima ilinukia kama Krismasi Unguja. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinadumu dakika chache tu, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo na koleo.

Jumamosi ilikwenda vizuri mpaka ilipokwenda vibaya. Nilipanga meza uwanjani, chini ya hema, hewa inapita. Nilifukiza glasi moja moja, watu wakapanga foleni. Majirani wasiotumia kileo niliwafukizia juisi ya ukwaju, na nasema kweli, ukwaju ulipokea moshi kuliko wiski. Watoto nikawapa tangawizi ndani ya bakuli la ukungu, mimi mwenyewe nikisimamia.

Binamu yake shemeji, kinywaji kikiwa kimeshampanda, akataka tubebe boksi zima tulimwage kwenye beseni sebuleni "tucheze juu ya mawingu". Nilimkatalia kwa ukali ulioshangaza watu, lakini nilikuwa nimesoma usiku uliotangulia. Mwaka 2020 huko Moscow, kwenye sherehe ya kuzaliwa, walimwaga kilo 25 za barafu kavu kwenye bwawa la kuogelea la ndani ili wapate ukungu. Watu watatu walikufa. Ukungu ulikuwa unawapendeza wageni wakati hewa ya kupumua inaondoka.

Nikiwa nabishana na binamu, nyuma yangu mgeni mwingine alikuwa ameona uzembe wangu. Nilikuwa nimeacha koleo na vipande vitatu kwenye sahani. Akachukua kimoja akatia kwenye glasi yake, akapiga picha, akainua anywe. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye wala hakujua ni kitu gani, alimshika mkono: "Mwanangu, kitu kinachochemka bila moto usikinywe." Kile kipande kilikuwa saizi ya punje ya harage, kinapita kooni bila kizuizi. Ndani ya tumbo kingeunguza na kupuliza hewa kwa pamoja. Huko Lancaster, Uingereza, mwaka 2012, msichana aliyekuwa anasherehekea miaka 18 alipewa kokteli yenye naitrojeni kimiminika, ndugu wa barafu kavu mwenye baridi kali zaidi, na madaktari walilazimika kumtoa tumbo lote ili aishi. Baada ya pale nilifunga boksi na kumkabidhi mke wangu koleo. Sijawahi kumkabidhi mtu kitu kwa moyo mweupe vile.

Wageni waliondoka saa sita. Nikafungua boksi, nikaona robo kilo, nikaikumbuka chupa ya chai. Mengine mmeshayasoma. Nilichopaswa kufanya ni kuiacha uwanjani kwenye boksi wazi, iishe yenyewe. Chombo chochote kinachokazwa kizibo, chupa ya maji, ya soda, ya chai, kikiwekewa barafu kavu kinageuka bomu.

Gharama zangu hizi hapa, nisionekane naficha: kifaa 165,000, bourbon chupa mbili 210,000, barafu kavu 60,000, boksi 15,000, fundi wa dari 40,000, chupa mpya ya chai 35,000. Laki tano na elfu ishirini na tano. Shemeji alifurahi sana. Alisema moshi ulikuwa kama wa Johannesburg, ila glasi za huko hazikuwa na nembo ya soda.

Miezi miwili baadaye mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Monduli. Akakiona kile kifaa kabatini, akauliza ni pampu ya nini. Nikamweleza kwa kirefu: kuni, feni, mrija, glasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mnafukiza pombe kama kibuyu cha maziwa."

Niliona haya. Nimekulia likizo zote kwa bibi nikitazama kitu hicho hicho. Bibi alichukua kijiti cha oloirien, mzeituni pori, akakichoma hadi ncha ikawa kaa jekundu, akakizungusha ndani ya kibuyu, akafunika, akatingisha, akapangusa, ndipo akamimina maziwa. Hakuwa na feni. Hakuchoma maranda ya seremala.

Aliporudi Monduli alinitumia fungu la vijiti kwa basi, vimefungwa kwa kanga kuukuu. Siku hizi nawasha jiko la gesi, nachoma ncha ya kijiti hadi kaa liwake, nakilaza kwenye kisahani cha udongo, nakifunika kwa glasi iliyoloweshwa, nahesabu hadi ishirini. Moshi wake una utamu ambao mpera hauna. Kile kifaa cha 165,000 kimekuwa cha Neema, anapulizia mapovu ya sabuni.

Mama mdogo hupiga simu Jumapili. Wiki iliyopita aliuliza vijiti vimebaki vingapi, nikamwambia tisa. Akanyamaza kidogo. "Na maziwa je, umeshajaribu?" Nikaenda dukani kununua maziwa mtindi, nikafukiza glasi moja, nikaipeleka barazani alikokaa mama mkwe. Alikunywa yote, akaniuliza kama ipo nyingine, halafu akainua macho akaitazama dari.